Tuta la Witham: Mto, Mfereji na Reli Vilivyowaachia Wakimbiaji Njia

Kati ya miji ya Lincoln na Boston, mashariki mwa Uingereza, ipo njia ya watembea kwa miguu, wakimbiaji na waendesha baiskeli yenye urefu wa maili 33 hivi, yaani kilomita 53. Jina lake ni Water Rail Way. Ukiacha madaraja machache, hakuna mwinuko wa kumlazimisha mtu apunguze mwendo. Upande mmoja uko mto Witham, umenyooka maili baada ya maili. Upande wa pili mashamba ya ngano, viazi na viazisukari yanakwenda hadi macho yachoke. Walioikimbia huisifu kwanza kwa utambarare wake.

Sifa hiyo ni ya haki, ila wengi huipeleka kwa asiyestahili. Hudhani ndivyo nchi ilivyoumbwa. Sivyo. Hapo palikuwa na kinamasi, na mto ulikuwa ukijipinda na kuhama utakavyo. Unyoofu wake ulichimbwa, tuta lake likajengwa, na usawa wake ukapimwa na mafundi waliolipwa kwa kazi hiyo. Na hakuna aliyewalipa kwa kufikiria afya za watu. Waliwaza ngano, makaa ya mawe na faida. Mkimbiaji wa leo ni mrithi ambaye jina lake halikuandikwa katika wosia wowote.

Kabla ya 1600: nchi ya maji

Eneo linaloitwa Fens linaanzia karibu na Lincoln na kushuka kusini hadi Cambridge. Zamani lilikuwa matete, madimbwi na udongo mweusi wa mboji, na visiwa vidogo vya ardhi kavu ambavyo juu yake watu walijenga vijiji na nyumba za watawa. Wakazi waliishi kwa mikunga, bata wa mwituni na matete ya kuezekea. Malaria ilikuwa ugonjwa wa kawaida huko, jambo ambalo Waingereza wengi wa leo wamelisahau kabisa.

Hata hivyo hitaji la kupita juu ya maji kwa miguu lilikuwepo tangu kale. Mwaka 1981 wanaakiolojia walichimba huko Fiskerton, maili chache tu kutoka Lincoln, wakakuta mabaki ya njia ya mbao iliyojengwa kwa magogo yaliyokitwa ardhini. Duara za umri ndani ya magogo hayo zilionyesha kwamba miti ilianza kukatwa katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Kandokando yake watu walikuwa wakitupa vitu vya thamani majini, labda kama sadaka. Ngao maarufu ya Witham, iliyotolewa mtoni mwaka 1826 na ambayo sasa imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza jijini London, ilitoka sehemu hizohizo. Kwa hiyo mtu anayepita Witham kwa miguu leo ana watangulizi wa zaidi ya miaka 2,400.

Warumi walipokuja walileta tabia ya kunyoosha mambo. Mfereji wa Fossdyke, unaounganisha Lincoln na mto Trent, unahesabiwa kuwa kazi yao ya karne ya 2, na wengi huutaja kuwa mfereji wa kale kuliko yote nchini ambao bado unapitisha vyombo. Mfalme Henry wa Kwanza aliusafisha mwaka 1121. Lakini kwa karne nyingi zilizofuata Fens ilibaki chini ya mamlaka ya maji.

1630 hadi 1766: kukausha

Badiliko kubwa lilikuja na matajiri waliotaka mashamba. Katika miaka ya 1630 Earl wa Bedford na wenzake walitia fedha zao katika mradi wa kukausha sehemu ya kusini ya Fens, na mhandisi wao mkuu akawa Mholanzi, Cornelius Vermuyden. Mfereji wa kwanza mkubwa, Old Bedford River, ulikamilika mwaka 1637. Wa pili ukachimbwa sambamba nao mwaka 1651. Sehemu ya jasho hilo haikuwa ya hiari. Wafungwa wa Kiskoti waliotekwa katika vita vya Dunbar mwaka 1650, na baadaye wafungwa wa Kiholanzi, walitiwa sepetu mkononi wakaambiwa wachimbe.

Wenyeji hawakukaa kimya. Kinamasi kilichoonekana na Earl kuwa nchi iliyopotea bure kwao kilikuwa chakula cha kila siku. Walibomoa matuta usiku, wakavunja milango ya maji, na wakapata sifa ya ukorofi ambayo wajukuu wao wanajivunia mpaka leo. Walishindwa. Hadithi hiyo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa mara mbili: ardhi ya wote hutangazwa kuwa ya bure, kisha hupata mwenyewe.

Ushindi wa wakaushaji nao ulikuwa na kasoro. Udongo wa mboji ukikauka hunywea, na ukilimwa hupeperuka. Ardhi ikashuka, mito ikabaki juu, na vinu vya upepo vikahitajika kupandisha maji kutoka mashambani hadi mtoni. Baadaye zikaja pampu za mvuke, kisha za dizeli na umeme. Ushahidi wake unaonekana huko Holme Fen, kusini mwa Peterborough. Mwaka 1851, ziwa la jirani lilipokaushwa, nguzo ya chuma ilizamishwa ardhini mpaka kichwa chake kikawa sawa na uso wa udongo. Leo mtu akisimama chini yake hawezi kukifikia kichwa hicho hata akinyoosha mkono, kwa kuwa kiko mita 4 hivi juu ya ardhi. Nguzo haikusogea. Nchi ndiyo iliyoshuka. Ndiyo maana mkimbiaji wa Fens huwa juu ya tuta, na mashamba yako chini yake.

Witham yenyewe ilinyooshwa katika karne ya 18. Sheria ya Bunge ya mwaka 1762 iliruhusu kazi hiyo, na mwaka 1766 lango kubwa la maji, Grand Sluice, likafunguliwa mjini Boston kuzuia bahari isipande mtoni. Juu ya lango hilo palichimbwa mkondo mpya ulionyooka, na kingo zikainuliwa. Tuta ambalo wakimbiaji wanalifaidi lilizaliwa hapo.

Niruke mbele kidogo, kwa maana kuna kisa kisichofaa kuachwa. Utambarare wa Fens ulimpumbaza mtu mmoja, Samuel Rowbotham, ambaye mwaka 1838 aliingia majini katika Old Bedford River, akatazama mashua ikienda maili 6 mbele yake, akatangaza kwamba dunia ni bapa. Wafuasi hawakukosekana. Mwaka 1870 mmoja wao, John Hampden, aliweka dau la pauni 500 kwa yeyote atakayeonyesha mviringo wa dunia. Alfred Russel Wallace, mwanasayansi aliyegundua nadharia ya mageuko sambamba na Darwin, alilikubali dau. Aliweka alama tatu kwenye mfereji huohuo, zote kwa kimo kilekile juu ya maji: mbili kwenye madaraja ya mwisho na moja katikati. Kwa darubini, ile ya katikati ilionekana imeinuka kuliko zingine. Wallace alishinda, na akajuta. Hampden alimwandama kwa barua za matusi na kesi kwa miaka mingi, hata akafungwa kwa kumkashifu. Basi hata Fens, ukiipima vizuri, ina kilima kimoja, ambacho ni dunia yenyewe.

1761 hadi 1830: farasi mmoja, tani 30

Wakati Witham inanyooshwa, upande wa pili wa nchi kulikuwa kunaanza jambo lililoeneza njia za namna hii kila pembe. Duke wa Bridgewater alikuwa na machimbo ya makaa ya mawe huko Worsley na wanunuzi mjini Manchester, na katikati barabara mbovu. Akamchukua fundi James Brindley, na tarehe 17 Julai 1761 mashua ya kwanza ikapita katika mfereji wake. Bei ya makaa mjini ilishuka kwa karibu nusu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Farasi akivuta mkokoteni kwenye barabara ya wakati ule alihangaika na tani moja au mbili. Farasi yuleyule, akivuta mashua kwa kamba kwenye maji yaliyotulia, aliondoka na tani 30 kwa mwendo wa kutembea. Lakini maji hayakai kwenye mteremko. Kwa hiyo Brindley na wenzake walifuata usawa wa nchi, wakazungusha mfereji pembeni mwa vilima ili usipande wala usishuke. Pasipozungukika, walikusanya mteremko wote mahali pamoja na kujenga milango ya kupandisha na kushusha mashua. Ndiyo sababu anayekimbia kando ya mfereji wa Kiingereza huenda kilomita kadhaa bila kuhisi chochote, kisha hupanda mita mbili tatu ghafla kando ya lango, halafu tambarare tena.

Njia iliyo pembeni mwa mfereji ilikuwa ya farasi na mvutaji wake. Alama zao bado zipo kwa anayejua pa kutazama. Kwenye kona za madaraja ya mawe kuna mifuo iliyochimbika, mingine inaingia kidole kizima; ni kamba zilizolowa maji na mchanga, zikisugua palepale kwa miaka 100 na zaidi. Kwenye mfereji wa Macclesfield kuna madaraja yaliyojizungusha yenyewe kama konokono ili farasi avuke ng'ambo bila kufunguliwa kamba. Na kwenye Regent's Canal jijini London kuna vijinjia vya mteremko vilivyojengwa ndani ya maji, kwa ajili ya farasi waliotumbukia baada ya kushtushwa na kelele za treni. Mkimbiaji wa leo hupita juu ya vyote hivyo bila habari.

Kuna urithi mwingine mdogo ambao wakimbiaji wanautumia kila siku. Kampuni za mifereji zilitoza ushuru kwa tani na kwa maili, hivyo zilisimika nguzo za kuonyesha umbali njia nzima. Kabla ya saa za setilaiti, wengi walipima mazoezi yao kwa nguzo hizo.

Kufikia miaka ya 1830 Uingereza ilikuwa na takriban maili 4,000 za njia za maji. Mwaka 1830 huohuo reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa.

1846 hadi 1914: reli juu ya tuta

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina faida na udhaifu unaotoka mahali pamoja: halisuguani sana. Injini ndogo inaweza kuvuta mzigo mkubwa ajabu, ila ikikuta mwinuko huanza kuteleza. Wahandisi wa reli kwa hiyo walikuwa waabudu wa usawa kuliko hata watu wa mifereji. Walikata vilima, wakajaza mabonde, wakatoboa milima.

Kampuni ya Great Northern Railway ilipopata kibali cha Bunge mwaka 1846 haikuhitaji kuhangaika hivyo kati ya Lincoln na Boston. Usawa ulikuwa umeshajengwa. Kampuni ilijitwalia mamlaka ya usafiri wa mto Witham, na pamoja nayo kingo zake, ikalaza mataruma na kokoto juu ya tuta la mto. Mwezi Oktoba 1848 treni zikaanza kupita. Kwa mpigo mmoja ilipata njia na ikawa bosi wa mpinzani wake. Kulikuwa na stima za abiria mtoni. Reli ilizishindania kwa nauli mpaka zikafa.

Kwa muda mfupi njia hii ya vijijini ilikuwa na heshima kubwa. London ilipounganishwa na Peterborough mwaka 1850, treni za kwenda York zilipita Boston na Lincoln, na karakana ya injini za kampuni ilikuwa Boston. Ilidumu miaka miwili. Mwaka 1852 ilifunguliwa njia ya mkato kupitia Grantham, na mwaka uliofuata karakana ikahamishiwa Doncaster. Boston ikarudia mboga zake, bandari yake ndogo, na mnara wa kanisa la Mtakatifu Botolph wenye urefu wa mita 83 hivi, ambao kwenye nchi bapa namna ile huonekana kutoka mbali mno. Anayekimbia kutoka Lincoln huuona saa nzima kabla hajaufikia, na wapo wanaoapa kwamba mnara huo hurudi nyuma.

Jina la mji huo halipaswi kumpita msomaji wetu. Wahamiaji waliotoka huku ndio walioupa jina mji wa Boston ng'ambo ya Atlantiki mwaka 1630, mji ambao marathon yake imekuwapo tangu 1897. Ni huko ambako mwaka 1988 Mkenya Ibrahim Hussein alimshinda Mtanzania Juma Ikangaa kwa sekunde moja tu, na Ikangaa akamaliza wa pili tena mwaka 1989 na 1990. Boston ya Marekani ina vilima vinavyowavunja watu mioyo. Boston mama haina hata kichuguu.

Miaka ya vituo vidogo ilikuwa ya utulivu. Washingborough, Bardney, Southrey, Stixwould: mahali pengine kituo kilikuwa ukingoni, kijiji kikiwa ng'ambo, na abiria akavushwa kwa kivuko. Kiwanda cha sukari kilifunguliwa Bardney mwaka 1927 na kuipa reli mizigo ya viazisukari kila msimu wa mavuno.

1948 hadi 1970: shoka

Tarehe 1 Januari 1948 serikali ilitaifisha reli pamoja na mifereji mingi. Vyote viwili vilikuwa vimechoka kwa vita na kwa malori. Mifereji ndiyo iliyotangulia kaburini: baridi kali ya mwaka 1962 hadi 1963 iligandisha maji kwa miezi, mashua za mizigo zikakwama, na wateja waliohamia barabarani hawakurudi.

Barafu hiyo ilikuwa imeanza tu kuyeyuka pale Dakta Richard Beeching, mwenyekiti wa shirika la reli aliyetolewa katika kiwanda cha kemikali, alipotoa ripoti yake tarehe 27 Machi 1963. Alipendekeza kufunga stesheni 2,363 na takriban maili 5,000 za njia. Waziri wake wa uchukuzi, Ernest Marples, alikuwa mwanzilishi mmojawapo wa kampuni ya ujenzi wa barabara. Watu walilisema hilo wakati ule na wanalisema hadi leo. Lakini si haki kumbebesha lawama mtu mmoja. Chama cha Labour kiliingia madarakani mwaka 1964 kikiwa kimeahidi kusimamisha ufungaji huo, kisha kikaendelea nao.

Njia ya Witham ilikufa kwa awamu. Sehemu ya kusini, kuanzia Boston, ilipoteza abiria mwezi Juni 1963. Ya kaskazini ikafuata Oktoba 1970, mwezi ambao sehemu kubwa ya reli za mashariki ya kaunti ya Lincolnshire ilifungwa kwa pamoja. Reli ziling'olewa zikauzwa kama chuma chakavu.

Kufunga kwenyewe naweza kukuelewa. Njia nyingi zilikuwa hazirudishi gharama, na gari lilikuwa limeshaingia kila nyumba. Nisichoweza kukisamehe ni kilichofuata. Ardhi ya reli, iliyokuwa mshipi mmoja usiokatika wa makumi ya maili, iliuzwa vipande vipande: huyu mkulima akachukua nusu maili, yule akajenga bohari, daraja likabomolewa ili lisidai rangi. Thamani ya mshipi huo ilikuwa katika kutokatika kwake, na hilo halikuonekana katika daftari la mhasibu yeyote. Tanganyika ilikuwa imeona reli ikifa mwaka mmoja kabla ya ripoti ya Beeching. Reli ya kusini, iliyojengwa na Waingereza kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa karanga, ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa.

1944 hadi 1986: waliokataa

Mifereji iliokolewa na watu wabishi. Mwaka 1944 L. T. C. Rolt alichapisha kitabu, Narrow Boat, juu ya maisha yake katika mashua iliyoitwa Cressy. Miaka miwili baadaye yeye, Robert Aickman na wenzao waliunda chama cha kutetea njia za maji, Inland Waterways Association. Waligombana na serikali, kisha wakagombana wao kwa wao, maana Rolt na Aickman hawakuiva chungu kimoja. Lakini hoja yao ilishika: mfereji una kazi hata kama haubebi makaa. Sheria ya Uchukuzi ya mwaka 1968 ilikubali kwamba starehe ni matumizi halali ya njia za maji. Baada ya hapo watu wa kujitolea waliingia matopeni Jumamosi baada ya Jumamosi, na mwaka 1990 Malkia Elizabeth aliufungua tena mfereji wa Kennet na Avon uliokuwa umehesabiwa maiti.

Reli zilizokufa hazikuwa na watetezi wa namna hiyo mpaka mwaka 1977, kundi la wapanda baiskeli mjini Bristol, likiongozwa na mhandisi John Grimshaw, lilipoamua kwamba porojo zimetosha. Kati ya Bristol na Bath palikuwa na njia ya reli iliyopoteza abiria mwaka 1966. Walikodi kipande chake, na mwaka 1979, kwa majembe na toroli na vijana wa kujitolea, wakatengeneza maili chache za kwanza. Baadaye walitumia mpango wa serikali wa kuwapa kazi vijana wasio na ajira. Kufikia 1986 maili 13 zilikuwa zimekamilika, kutoka mji hadi mji, bila gari hata moja. Kundi hilo likawa shirika la Sustrans.

Waliofikiriwa ni wapanda baiskeli. Wakimbiaji walijiingiza tu.

1981 na kuendelea: mchakamchaka

Hapo ndipo bahati ilipocheza. Mifereji ilikuwa inafunguliwa na reli kuukuu zinasawazishwa wakati uleule Waingereza wa kawaida wanaanza kukimbia. Kabla ya hapo kukimbia barabarani kulikuwa shughuli ya wanachama wachache wa vilabu, na mtu mzima aliyeonekana akikimbia jioni alidhaniwa ama ameiba ama ameibiwa. Tarehe 29 Machi 1981 marathon ya kwanza ya London ilianza na watu karibu 7,000. Wafanyakazi wa ofisini, akina mama na wastaafu wakahitaji mahali pa kufanyia mazoezi ya masafa marefu pasipo na magari, taa za barabarani wala vilima. Mahali hapo palikuwa pameshajengwa, miaka 200 nyuma, kwa ajili ya farasi.

Mwaka 1993 Dick Kearn alianzisha shindano lililopima jambo hilo hadi mwisho: maili 145 kando ya mfereji wa Grand Union, kutoka katikati ya Birmingham hadi London, ukomo saa 45. Washiriki husema kinachowamaliza ni tambarare yenyewe. Mlimani misuli hupokezana kazi: ya kupandia, ya kushukia. Kwenye ukingo wa mfereji msuli uleule huitwa kazini hatua baada ya hatua, na hakuna kilima cha kumpa mtu kisingizio cha kutembea. Fens inaongeza adhabu yake: upepo. Kutoka Bahari ya Kaskazini hadi kifuani mwako hakuna kitu cha kuuzuia.

Wakenya nao wana ukurasa hapa. Katika miaka ya 1990 wakimbiaji wao kadhaa waliokuwa chini ya wakala Kim McDonald walikuwa wakikaa Teddington, kusini magharibi mwa London, msimu wa mashindano, wakifanya mazoezi katika bustani ya Bushy Park. Ni katika bustani hiyohiyo ambapo tarehe 2 Oktoba 2004 Paul Sinton-Hewitt aliwakusanya wakimbiaji 13 kwa mbio za bure za kilomita 5, zilizokuja kuwa parkrun na kuenea katika nchi nyingi. Baadhi ya vituo vyake leo viko kando ya mifereji na kwenye njia za reli za kale.

1995 hadi leo: Lincoln hadi Boston tena

Mwaka 1995 Sustrans ilipewa pauni milioni 42.5 kutoka fedha za bahati nasibu ya taifa ili ijenge mtandao wa njia za baiskeli nchi nzima. Njia namba 1 ya mtandao huo inapita ukanda wa mashariki, na kwa hiyo ilibidi ikatize Lincolnshire. Tuta la Witham lilikuwa bado lipo. Kazi ilifanywa kipande kwa kipande, na mwaka 2008 Water Rail Way ikakamilika, ikapambwa kwa sanamu njiani. Huko Southrey jukwaa la stesheni bado liko kando ya njia. Mtu anaweza kukaa ukingoni mwake na kufunga kamba za viatu pale abiria walipokuwa wakisubiri treni ya Lincoln. Kiwanda cha sukari cha Bardney kilisimamisha kazi mwaka 2001.

Anayeikimbia yote ataona kwa macho gharama ya mauzo yale ya vipande. Kutoka Lincoln kwenda kusini njia inashika tuta la reli kando ya mto, imenyooka. Baadaye huliacha na kupita barabara ndogo za mashamba, pamoja na matrekta, kabla ya kuurudia mto karibu na Boston. Si mbaya, ila miguu hujua tofauti mara moja.

Kwa mkazi wa Leicester, Peterborough au London anayesoma haya na kutaka kujaribu, shauri langu ni hili: tazama upepo kabla ya kuchagua pa kuanzia, beba maji maana maduka njiani ni machache, na usiuamini ule mnara. Mwaka 2016 Boston nayo ilianzisha marathon yake, ikijinadi kwa utambarare wa njia yake.

Kurudi ndiko kunakochukua muda. Kwa kuwa reli ya mtoni haipo, anayetaka kutoka Boston kwenda Lincoln kwa treni siku hizi kwa kawaida hupelekwa kwanza Sleaford, upande wa magharibi, akabadilishe treni huko.